Rudi Jumatano

Fundi wa boila hakuwahi kusubiri kazi akiwa amesimama. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona kwake, na ndilo lililonivuta nimsogelee. Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili nje ya lango la kiwanda cha mablanketi, kando ya barabara ya kwenda Kingolwira, tumebanana kwenye uzio kama ndizi kwenye mkungu, na yeye peke yake alikuwa ameketi. Alikibeba kigoda chake cha miguu mitatu kutoka mlimani, akakiweka mbali na msongamano, akakaa mgongo wima, mikono juu ya magoti, akilitazama lango kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Shikamoo, mzee. Foleni iko huku," nilimwambia.

"Marahaba. Foleni iko huko, mimi niko hapa. Wakiniita nitasikia. Jina langu wanalijua."

"Wamelijulia wapi?"

"Nimewasha moto humo ndani miaka kumi na minane."

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Kiwanda kilikuwa kimefungwa masika mbili, kikanunuliwa na mwekezaji ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona, kisha likabandikwa tangazo kwamba kinafunguliwa, na kwamba kila mtu, aliyekuwamo na asiyekuwamo, aombe kazi upya. Mimi sikuwahi kuwamo. Niliacha shule darasa la sita, nikakata mkonge, nikabeba mataruma ya reli, nikashusha kabichi za Mgeta, nikaenda kila mahali palipokuwa na njia ya kufika. Nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na sikuwahi kukaa kazini kwa muda wa kutosha kuwa na kikombe changu mwenyewe cha chai. Watu hucheka nikisema hivyo. Lakini mtu aliyekunywa chai kwenye vikombe vya wengine kwa miaka kumi na tano anajua ninachosema. Nilitaka kazi yenye kikombe.

Fundi alinisikiliza siku hiyo hadi mwisho, kisha akasema, "Mchochea moto wangu alikufa tukiwa tumefungiwa. Nikiingia mimi, unaingia na mimi. Kikombe cha mchochea moto hukaa kwenye rafu juu ya boila. Chai haipoi."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Alikuwa na elimu nzima ya kusubiri, na alinifundisha yote. Viatu vyake vyeusi alivibeba kwenye mfuko wa kitambaa, akateremka mlima peku, akaja kuvivaa hatua chache kabla ya lango. "Viatu vikichoka kabla yako," alisema, "wakubwa wataviona kwanza." Kila asubuhi ya usaili alikula magimbi ya kuchemsha hadi akashiba, akanilazimisha nami nile. "Njaa hujibu maswali haraka mno." Hakusema hata mara moja kwamba anaomba kazi. Mlinzi akimuuliza shida yake, alijibu, "Nimekuja kazini." Mlinzi akicheka, naye alicheka, kisha akarudia kwa sauti ileile, "Nimekuja kazini, mwanangu."

Kwa walinzi, wafagiaji, na kina mama waliouza uji langoni, alikuwa mpole kupita kiasi. Ukali wake wote aliuhifadhi kwa mtu mmoja. Mtu huyo tulimwita Bwana Utumishi.

Bwana Utumishi alikuwapo tangu enzi za shirika. Zamani alivaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kalamu tatu kifuani. Mwekezaji alipokuja, akanunua tai. Ndiye pekee kati ya watu wa zamani ambaye hakuombeshwa kazi upya, na sababu ilikuwa wazi: mtu fulani lazima awajue wote wa kukataliwa. Kila Jumatano asubuhi alitoka na karatasi moja na pini nne, akaibandika langoni, akarudi ndani bila kutazama uso wa mtu. Asiyeona jina lake akienda dirishani kuuliza, aliambiwa maneno mawili tu. "Rudi Jumatano."

Tulirudi Jumatano nyingi. Kwanza barua ya maombi, iandikwe kwa mkono, nakala tatu. Kisha barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Kisha picha mbili. Kisha usaili wa kwanza, kisha usaili wa pili wenye maswali yaleyale ya ule wa kwanza. Kisha kupimwa kifua, macho na mkojo kwa gharama yako. Katikati ya hayo mafaili ya watu wenye majina ya kuanzia herufi fulani yalipotea, nasi tukaanza upya. Nilipita mlolongo huo mara mbili na nusu. Nilikuwa nalala kwa watu, kila baada ya wiki chache nikihamia kwa mwingine kabla sijawachosha, na usiku nilikuwa nikimwota Bwana Utumishi amenyongwa kwa tai yake. Nasema hivyo bila haya. Ndoto ile ilinipa usingizi mzuri.

Usaili wa fundi tuliusikia sote, kwa sababu dirisha la ofisi lilikuwa halina kioo na foleni ilipita chini yake.

"Cheti chako cha ufundi kiko wapi?" aliuliza Bwana Utumishi.

"Unacho wewe. Nilikukabidhi mkononi siku niliyoajiriwa, ukanipigia muhuri."

"Mafaili ya zamani hayaonekani. Lete nakala."

"Nakala ya kitu ulichonacho wewe niitoe wapi?"

Karatasi zikapekuliwa.

"Haya. Tueleze udhaifu wako mkubwa ni upi."

Kulikuwa na mgeni mmoja pale ndani, kijana wa mwekezaji, na nadhani swali hilo lilikuwa lake. Nje hata muuza uji aliacha kukoroga.

"Udhaifu wangu," alisema, "ni kwamba nasahau polepole."

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakutania. Nililijua hilo baadaye, nilipoanza kulala kwake.

Kwake kulikuwa mlimani, juu ya Bigwa, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi huja kwa upande huo. Nyumba yake ilitazama bonde. Chini uliona barabara, reli, na bomba la moshi la kiwanda likiwa limesimama kama kidole. Aliishi na mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache na makali, aliyepanda maharage na ndizi na kwenda kuuza sokoni mjini. Siku nilipofika mara ya kwanza mpwa alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Anko, huyu naye umemwajiri?"

"Bado yuko kwenye usaili," fundi alijibu.

Ndani kwenye rafu kulikuwa na vikombe viwili vya bati vyeupe, vyenye alama ya kiwanda kwa rangi ya buluu. Alikuwa amevichukua siku kilipofungwa. "Hiki changu," alisema. "Hiki cha mchochea moto wangu." Akanimiminia chai kwenye kile cha pili. Kwa mara ya kwanza nikanywa kwenye kikombe nilichoambiwa ni changu, japo kazi yenyewe haikuwapo.

Jumapili moja nilimsindikiza kanisani misheni. Mimi si Mkristo, nilikwenda kwa udadisi tu. Fundi aliimba besi kwenye kwaya, sauti yake ikitoka kama inatoka chini ya sakafu. Walipofika kwenye Baba Yetu nikasikia kitu. Kwenye ile sehemu ya kuwasamehe waliotukosea, besi ilikatika. Midomo yake ilifungwa. Watu walipomaliza maneno hayo, akaingia tena kwenye sala pamoja nao, hakukosea hata silabi. Nilimuuliza njiani.

"Kuahidi mbele ya Mungu jambo ambalo hutalifanya ni uongo," alisema. "Naogopa dhambi."

Huyo ndiye mtu niliyemfuata. Nilimpenda kwa hilo. Nami nilikuwa na orodha yangu ya wasiosamehewa.

Sasa nieleze boila, kwa kuwa kila kilichofuata kilitoka humo. Ilikuwa chuma kikubwa cha kutengenezea mvuke wa kupikia rangi na kukaushia blanketi. Ililetwa na Wazungu ikiwa na michoro yake yote. Lakini ikaja miaka ya uhaba, nchi haina fedha za kigeni, vipuri haviji. Bomba likitoboka, fundi alikata bomba jingine mahali pasipo na lazima sana, akalihamishia pale. Valvu ikifa, aliizunguka kwa njia nyingine. Miaka kumi na minane ya viraka. Mwishowe gurudumu lililoandikwa maji lilifungua mvuke, na lililoandikwa mvuke halikufungua kitu. Michoro ofisini ilionyesha mashine ambayo haikuwapo tena. Mashine iliyokuwapo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Na hata yeye hakuitegemea akili peke yake: alikuwa na ufito wa mpingo, ncha moja anaigusisha kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, anafumba macho, anasikiliza maji yanapita wapi.

Ndipo tukafika hatua ya mwisho ya kuajiriwa, iliyoitwa majaribio. Siku sita za kazi bila malipo, ili uonekane unaweza. Kundi letu lilikuwa la nne. Sisi vibarua tuliambiwa tuzoe tope kwenye mitaro ya boila, fundi akaambiwa aiandae mashine hadi siku ya sita aiwashe. Nyuma yake alipangiwa kijana mwenye daftari, amfuate kila anapogusa.

Siku ya tatu, wakati wa kula, fundi alinyoosha kidole kwenye uzio uliopakwa rangi mpya.

"Unamjua aliyepaka ule?"

"Hapana, mzee."

"Kundi la kwanza. Wako kazini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nawafahamu baadhi yao. Walikuwa bado wanakuja langoni kila Jumatano.

"Kundi la pili walizibua choo na kuezeka bohari. La tatu walihamisha mashine chakavu. Wako wapi?" Aliweka gimbi lake chini. "Wanakijenga kiwanda kwa majaribio, Msafiri. Sisi tukimaliza tope, majaribio yameisha. Na yule mwenye daftari akimaliza kuandika, nami nimeisha."

Aliniita Msafiri siku zote. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza jina.

Siku ya sita Bwana Utumishi alikuja na kijana wa mwekezaji kuona moto ukiwaka. Fundi alikuwa amesafisha kila kitu, bila kuzungusha gurudumu hata moja mbele ya mwenye daftari. Alifuta mikono kwa kitambaa, akachukua chaki mfukoni, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: USIAMINI KIOO WAKATI WA MVUA. Kile kioo kinachoonyesha kina cha maji huziba kwa tope la mto nyakati za masika, kikakuonyesha maji tele kumbe boila imekauka, na boila ikikauka juu ya moto hupasuka ikaua kila aliye karibu.

"Washa sasa," alisema Bwana Utumishi.

"Kuwasha ni kazi," alisema fundi. "Majaribio yameisha." Akachukua kigoda chake, akavua viatu langoni, akapanda mlima.

Nimelifikiria sana andiko lile la chaki. Mtu aliyenyamaza kwenye Baba Yetu, aliyekataa kuwaonyesha hata gurudumu moja, aliwaachia jambo pekee ambalo lingeweza kuwaua. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kama ninauliza upuuzi. "Wakifa, nitamlipiza nani?"

Jumatano iliyofuata jina lake halikuwapo. Langu pia.

Nilihamia kwake. Masika ikaanza. Kila asubuhi tulikaa mlangoni na vikombe vyetu tukilitazama bomba la kiwanda, na kila asubuhi halikutoa moshi. Tulisikia habari kwa mpwa aliyezileta kutoka sokoni: kijana wa daftari amejaribu akaunguzwa mkono na mvuke, mafundi wawili wameletwa kutoka Dar na michoro, wamezunguka boila siku nne, wamerudi Dar. Tulicheka hadi chai ikamwagika. Sijawahi kuwa na furaha kama ya msimu ule, na nilikuwa sina hata shati la pili.

Kisha Bwana Utumishi akapanda mlima. Tulimwona tangu mbali, na viatu vyake vya ofisi vikimrudisha hatua moja kila alipopiga mbili. Alifika ametapakaa tope hadi magotini, tai ameitia mfukoni.

"Shikamoo, fundi," alisema. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, na ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia.

"Marahaba. Karibu kiti. Umekuja na shida gani?"

"Kiwanda kinakuhitaji. Mkurugenzi amekubali. Kesho asubuhi uanze."

Fundi alimpa maji ya kunywa, akasubiri amalize, akapokea kikombe.

"Andika barua ya maombi," alisema. "Kwa mkono. Nakala tatu."

Bwana Utumishi alicheka. Akatutazama mmoja mmoja, akaacha kucheka.

"Rudi Jumatano," fundi akamalizia.

Akarudi Jumatano, na nakala tatu. Fundi alizisoma zote tatu, neno kwa neno, kwa nusu saa, kana kwamba zilitofautiana. "Haina barua ya mjumbe wako," alisema. Jumatano iliyofuata akaja na barua ya mjumbe, na muhuri. Hapo nikainama nikamnong'oneza fundi sikioni. Wazo la kupimwa afya lilikuwa langu. Nasema tena, lilikuwa langu, na nililitoa kwa moyo wangu wote. Tulimpandisha hadi kwenye chemchemi ya juu, fundi mbele, mimi nyuma, tukasikiliza kifua chake kwa ule ufito wa mpingo.

"Kinapiga filimbi," fundi alisema. "Lakini tumwonee huruma. Aingie majaribio."

Siku tatu mtu yule alilima matuta ya ngazi, akapanda kabichi kwenye mvua, akakosea nafasi za miche, akarudia. Mpwa alimpelekea chakula shambani. Siku ya mwisho alimuuliza fundi mbele yetu, "Anko, mtamwajiri lini huyu? Analima vizuri kuliko Msafiri." Hata Bwana Utumishi alicheka, akiwa na malengelenge mikononi. Jioni hiyo alitoa bahasha kutoka kifuani, ameifunga kwenye nailoni isilowe. Ilikuwa barua ya kweli ya kiwanda. Fundi aliisoma, kisha akanipa nisome. Kazi ya kudumu, si kibarua. Nyumba ya kiwanda. Na mstari wa mwisho: pamoja na msaidizi mmoja atakayemchagua mwenyewe.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Nikatazama kikombe changu kwenye rafu.

"Majibu Jumatano," alisema fundi.

Jumatano hiyo nilioga mtoni alfajiri, nikafua shati langu moja nikalivaa bichi. Fundi naye alivaa ovaroli yake ya zamani, nami nikaona hilo ni dalili njema. Bwana Utumishi alipofika uani, kulikuwa na karatasi mlangoni, imebandikwa kwa pini nne. Juu imeandikwa kwa mwandiko mzuri: MAJINA YA WALIOCHAGULIWA. Chini yake hapakuwa na kitu.

Alisogea. Akasoma. Akageuza karatasi nyuma.

"Fundi, hapa hakuna jina."

"Umesoma vizuri."

"Watanifukuza, fundi. Nina watoto."

"Kufukuzwa si kugumu," alisema. "Hawakuombi hata barua."

Mtu yule alikaa chini kwenye tope la uani. Nilikuwa nimeisubiri sura ile tangu siku ya kwanza langoni, niliiota, na sasa ilikuwa mbele yangu. Nikajikuta siitazami. Nilikuwa namtazama fundi.

Bwana Utumishi alipokwisha kushuka, nikasema, "Na mimi je, mzee?"

Alikuwa anang'oa pini, moja moja, akizitia mfukoni.

"Wewe vipi?"

"Ilikuwa imeandikwa. Msaidizi mmoja."

"Wewe bado kijana," alisema. "Utazoea."

Niliondoka mchana ule. Bwana Utumishi alifukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Mwekezaji, ambaye bado hakuna aliyemwona, alileta boila iliyokwisha kutumika kutoka mahali fulani, pamoja na watu wake wa kuiendesha, na ile ya zamani ikakatwa kwa gesi ikauzwa kama chuma chakavu, viraka vyote vya miaka kumi na minane. Mpwa alikuja kuniambia baadaye kwamba asubuhi moshi ulipotoka kwenye bomba, fundi aliutazama hadi chai yake ikapoa, kisha akasema, "Mwembamba. Hawajui." Hakulitazama bonde tena, alikigeuza kigoda chake kikatazama mlima. Kwa hiyo ukihesabu waliopigwa na kisasi kile, mwenye kiwanda hayumo. Tumo mimi na karani mmoja mwenye tai.

Nilizunguka. Nilifika Kilombero, Tunduru, Tabora. Nilifanya kazi nyingi za siku, hakuna hata moja yenye kikombe. Kila nilipopita Morogoro niliuona mlima ule na kugeuza uso. Lakini mimi ni mtu ambaye sijawahi kuuacha mlango bila kuchungulia, na swali moja lilinila miaka yote. Siku ile alipoibandika karatasi tupu, jina langu lilimpitia kichwani au halikumpitia? Kama lilipita na akalifuta, hilo ni jambo moja. Kama hakukumbuka kabisa kwamba nipo, hilo ni jingine, na nilitaka kujua ni lipi kati ya hayo nimchukie kwalo.

Nilipanda siku ya Ijumaa. Pikipiki sasa hufika karibu na nyumba. Nywele zangu nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile, mgongo bado wima, akitazama mlima.

"Shikamoo, mzee."

Hakugeuka.

"Hasikii," alisema mpwa kutoka jikoni. "Boila ilimla masikio. Miaka sasa." Akatoka, akanitambua, akatikisa kichwa. "Msafiri! Bado uko kwenye usaili?"

Tuliketi. Aliniletea chai kwenye kikombe cha plastiki. Nikatafuta kwa macho kile cha bati chenye alama ya buluu, nikakiona uani kando ya banda, kimejaa maji. Kuku mmoja alikuwa anakunywa humo.

Fundi alinitazama muda mrefu. Sijui kama alinijua. Nikachana karatasi kwenye daftari la mpwa la hesabu za kanisani, nikaandika: Ulipokataa ile kazi, ulinifikiria?

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole, kama alivyosoma zile barua. Akaikunja mara tatu.

"Nakala tatu," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia maneno yake mwenyewe. "Kwa mkono."

Mpwa alicheka akaziba mdomo. Nikaangalia uso wa fundi nione kama ni utani, na sikuona kitu. Nikaandika nakala ya pili. Nikaandika ya tatu, nikampa. Alizilinganisha zote tatu mstari kwa mstari, akaziweka kwenye mfuko wa shati.

"Rudi Jumatano," alisema.

Jumatano nilikuwa Bigwa, pale njia ya mlimani inapoanza. Nilifika asubuhi mapema. Nilinunua muwa, nikakaa juu ya jiwe, nikaumenya taratibu. Kutoka pale nyumba haionekani, lakini njia unaiona hadi kona ya tatu. Kila pingili niliyomaliza niliambiwa na miguu yangu kwamba tupande, na kila mara niliiambia isubiri. Mchana ulipita. Nilikaa, sikusimama hata mara moja. Alasiri lilitokea gari la Mlali lililokuwa linahitaji mpakizi wa nyanya, nikapanda, na njia nzima nilikuwa nafurahi, nakuapia, nilikuwa nafurahi.

Baada ya wiki mbili nilimkuta mpwa wake sokoni, nyuma ya mafungu yake ya ndizi. Hakunikaribisha.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilipata kazi."

"Alivaa ovaroli," alisema. "Alinifanya nimtafutie zile pini za zamani, nne. Akabandika karatasi yake mlangoni asubuhi, akakigeuza kigoda kikatazama njia. Chakula hakutaka. Jioni akaing'oa, akaitia motoni."

"Iliandikwa nini?"

"Haikuwa yangu, sikuisoma." Alipanga fungu moja upya, ndizi kwa ndizi. "Mara tatu aliniuliza kama kweli ni Jumatano."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwonyesha kalenda. Ningemwambia nini?"